Ndege nafuu huhesabiwa kwa saa

Kijana wa Tononoka, Mombasa, akianza tu kusomea urubani, hakawii kusikia habari za ndege nyepesi za michezo. Ni ndege ndogo ambazo Marekani ilizitungia kanuni mwaka 2004, kisha ikazipanua kanuni hizo 2025. Kwa kanuni zile za mwanzo, viti havikuzidi viwili, na uzito wote wakati wa kupaa haukuruhusiwa kuzidi kilo 600. Cessna 172, iliyofunza marubani wengi pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ina karibu mara mbili ya uzito huo.

Udogo huo na unafuu wa bei vinavutia, hasa kwa mzazi anayechanga karo kwa shida. Lakini bei ya kununulia ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 angani. Cha leseni ya biashara ni 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Kila saa ina mafuta yake, bima yake, fundi wake na banda la kulaza ndege. Anayenunua kwa bei ya chini akashindwa kurusha, hajanunua ndege.

Kwenye mafuta, ndege hizi zinashinda. Nyingi hutumia injini ya Rotax 912 ya Austria, inayokunywa kama lita 15 hadi 20 kwa saa, wakati 172 hupita 30. Tena Rotax hukubali petroli ya gari. Ila injini hiyo hufikia wakati wa kufumuliwa upya baada ya saa 2,000, kwa hivyo ukinunua iliyokwisharuka 1,700, bei ya injini umeshaahirishiwa tu.

Kisha piga hesabu ya mzigo. Ndege tupu ya kilo 350, mwalimu na mwanafunzi kilo 160: kati ya 600 zimebaki 90 za mafuta na mikoba. Watu wawili wanene, na tangi haliwezi kujazwa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mahali. Mombasa iko usawa wa bahari. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu, na huko injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Ndege iliyopaa vizuri Ukunda inaweza kutaka njia ndefu zaidi Nairobi, na shule nyingi ziko huko. Kwetu Pwani adui ni mwingine. Kusi ikishika kasi, upepo wa ubavuni huisukuma ndege ya kilo 600 kuliko iliyo nzito, na mwanafunzi afadhali aruke asubuhi mapema kabla haujaamka. Hewa ya chumvi nayo hula alumini na viungo vya nyaya hata ndege ikiwa imelala. Kwa hiyo banda ni gharama ya lazima, na kabla ya kununua, paneli zifunguliwe fundi achungulie ndani.

Usidanganywe na jina kubwa. Cessna yenyewe ilitangaza ndege yake nyepesi ya Skycatcher mwaka 2007 kwa bei ya chini kidogo ya dola 110,000. Kufikia 2011 bei ilikuwa 149,900, mwaka 2013 ndege hiyo ikaacha kuuzwa, na zilizouzwa hazikufika 200. Mwenye nayo sasa anatafuta spea za ndege isiyotengenezwa tena. Uliza spea zinatoka wapi, na fundi gani nchini ana idhini ya kuigusa.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni asinunue peke yake. Klabu ya Aero Club of East Africa ilianzishwa 1927. Hata enzi hizo za walowezi wenye mali, watu waliungana katika klabu. Wanafunzi wanne wa Mombasa wakishirikiana, bima na banda hugawanyika mara nne, na ndege ikiruka mara kwa mara injini hupata afya kuliko ikikaa.

Kabla ya kulipa hata arbuni, nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA) mkaulize, na mjibiwe kwa maandishi: ndege hii itasajiliwa katika daraja gani, na saa zitakazorushwa humo zitahesabiwa zote kwenye leseni ya biashara au la.