Mforsadi Uani: Kuupanda na Kuutawala (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi mforsadi mweupe ulivyotoka Uchina pamoja na nondo wa hariri. Leo tuingie katika kazi ya jembe na kisu, kwa maana mti huu kuupanda ni rahisi, bali kuutawala ni elimu, na aghalabu wenye kuupanda huishia katika lile la kwanza.

Atakaye mforsadi asihangaike na mbegu, kwani mche wa mbegu huenda ukawa dume usiozaa kabisa. Na achague mti ambao matunda yake amekwisha kuyaonja, akate tawi lililokomaa, nene kiasi cha penseli, urefu wa sentimita 20 hivi, lenye macho matatu au manne. Juu alikate sawa na chini mshazari, asije akalipanda kichwa chini. Palipokatwa patatoka utomvu mweupe, ambao ndio alama ya jamaa zake mfenesi, mkuyu na mshelisheli. Kipandikizi kizikwe theluthi mbili, kivulini, katika udongo usiotuama maji. Majani yakichipua upesi, mtu asighurike akakihamisha, maana macho hufumbuka kwa akiba iliyomo ndani ya tawi, hali mizizi bado haijashika.

Mahali pa kuuweka pawe mbali na ukuta, kisima na kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu mizizi yake hutambaa mbali na tunda lake lililoiva hutia doa gumu kutoka.

Sasa tufike kwenye kisu, ambacho wengi hukihofia bila ya sababu. Mforsadi ulioachwa hukimbilia juu, ukawalisha ndege peke yao, ilhali mwenye mti amesimama chini akitazama. Matunda hutoka katika machipukizi mapya, na huku kwetu pwani, pasipo majira ya baridi ya kuulaza mti usingizi, kupogoa na kumwagilia ndiko kunakouamsha. Basi kila baada ya mavuno matawi yafupishwe, kimo kisizidi mkono wa mtu aliyesimama. Wala asingoje tawi linenepe, kwani jeraha kubwa hutiririka utomvu na hukawia kupona. Majani yaliyokatwa yasitupwe: mbuzi na sungura huyapenda mno, na yana lishe nyingi ya kujenga mwili.

Forsadi likichumwa bichi haliivi tena. Lililo tayari huachia kikonyo kwa kuguswa tu, hivyo hutandikwa shuka chini ya mti, tawi likatikiswa taratibu. Ngozi yake ni laini mno, halikai ila siku moja au mbili, na ndiyo sababu ni nadra kulikuta sokoni: alitamaniye hana budi kuwa na mti wake mwenyewe.

Mintarafu ya viwavi wa hariri, ambao chakula chao ni jani hili, tutaeleza katika makala ijayo, inshallah.