Zege Imara Huanzia Kwenye Kupima Maji

Nguzo ikipata nyufa, fundi ndiye wa kwanza kulaumiwa kwamba amebana saruji. Mara nyingi lawama hiyo imekosea njia, kwani maji yaliyozidi huharibu zege kuliko saruji iliyopungua. Duff Abrams alilithibitisha hilo huko Chicago mwaka 1918: kwa vifaa vilevile, maji yakipungua kulinganisha na saruji, nguvu hupanda, mradi zege liweze kushindiliwa vizuri.

Saruji hufungamana na maji kiasi cha robo tu ya uzito wake. Yanayobaki tunayaweka ili zege lilainike na kumwagika, na yakishakauka huacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Humo ndimo nguvu inamopotelea.

Kwa darasa au nyumba ya kawaida hapa Migato, wilayani Itilima, zege la daraja la nguvu C25 linatosha. Zege la nguvu ya juu lina kazi zake, kama mataruma ya reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inayopita Malampaka, wilayani Maswa, au madaraja makubwa mfano wa lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Tuchukue C60. Maana yake ni kwamba mchemraba wa milimita 150 kila upande, ukikaa siku 28 majini, unapaswa kubeba zaidi ya tani 135 kabla ya kupasuka. Na kwa kuwa michanganyo haifanani, mhandisi halengi nguvu ya 60 kamili. Hulenga kama 68.

Kwa meta moja ya ujazo, mahali pazuri pa kuanzia ni saruji kilo 450 na maji lita 148, yaani uwiano wa 0.33. Saruji, maji na hewa kidogo vikishachukua nafasi yao, inabaki nafasi ya kilo 1,820 hivi za mchanga na kokoto: mchanga 730, kokoto 1,090. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, maji ni lita 16 na nusu, hata ndoo ya lita 20 haijai! Zege la namna hiyo ni gumu mno kufanyia kazi, ndiyo maana huwekwa kemikali ya kulilainisha bila kuongeza maji. Kisha hujaribiwa maabara na kurekebishwa. Hesabu ya karatasini peke yake haijengi.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mchanga uliochotwa mtoni baada ya mvua unaweza kubeba maji asilimia 5 ya uzito wake. Kwenye kilo 730, hizo ni lita 36 ambazo hakuna aliyezipima. Usipozipunguza kwenye maji ya kuchanganyia, uwiano unaruka kutoka 0.33 hadi 0.41, na C60 uliyoilipia huipati.

Mchanga wenye tope la udongo mweusi wa mbugani nao ni hatari, maana tope hunywa maji na kuzuia saruji kushika. Tia mchanga kwenye chupa angavu yenye maji, tikisa, acha utulie kwa saa 3. Tabaka la tope juu yake likikaribia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, uoshe au utafute mwingine.

Kokoto ziwe za mwamba mzima na ndogo, milimita 10 hadi 20. Katika zege la kawaida ufa huzunguka jiwe. Katika zege la nguvu ya juu hulipasua jiwe lenyewe, hivyo jiwe dhaifu halina pa kujificha.

Jua na upepo wa kiangazi cha hapa Simiyu hukausha zege haraka, basi lifunikwe kwa nailoni mara tu linapomalizwa, na baadaye limwagiliwe siku 7 bila kuruka.

Ewe unayejenga C25 yako, siku ya kumwaga zege pima maji kwa ndoo yenye alama: lita 25 kwa mfuko, ukiwa umetoa maji yaliyomo mchangani. Ukimwona mtu anasogeza dumu ili zege "liteleze", mzuie.