MALKIA MMOJA HATOSHI

Watu wa Korogwe si wageni wa senema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika. Waliokisimamia ni Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham, na fedha zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Picha zao zilihusu kilimo cha chai, ugonjwa wa safura, malaria ya watoto wachanga na kuweka akiba posta, nazo zilizungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Shabaha ilikuwa moja: anayejua amwambie asiyejua la kufanya. Maskini alifundishwa, lakini hakuulizwa hesabu zake.

Leo twapenda kuzungumza juu ya picha ya namna nyingine, ambayo twaona yafaa itazamwe na kila mwanachama, tangu Manundu hata Handeni. Ni Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 2016 na kuongozwa na Bibi Mira Nair. Msingi wake ni habari ya kweli. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Karo ikakosekana, akatoka shule, akauza mahindi barabarani. Ndipo Bwana Robert Katende alipomfundisha mchezo wa sataranji, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa huko Urusi.

Sifa ya picha hii ni kwamba haimlilii maskini. Yaonyesha hesabu yake. Mama wa mtoto, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, analazimika kuuza nguo aliyoithamini ili apate mafuta ya taa, mwanawe asome usiku. Kijana wake agongwa na pikipiki, na gharama ya hospitali yawa msiba wa pili. Mvua yanyesha, maji yaingia ndani. Hata kwa Bwana Katende watoto hawakuvutwa na sataranji peke yake. Palikuwa na uji. Naye Madina Nalwanga, aliyeigiza nafasi ya Phiona, alikuwa amepata kuuza mahindi katika mitaa ya Kampala. Kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa namna ya kubeba sinia kichwani.

Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu akimwona mtoto akiuza karanga au machungwa kando ya basi saa nne ya asubuhi, siku ya shule, ni rahisi kwake kusema kwamba mzazi huyo haijui thamani ya elimu. Picha hii yatujibu. Mama wa Katwe anaijua thamani hiyo sana, lakini faida ya elimu ni ya kesho kutwa, na njaa ni ya leo. Mzazi wa namna hiyo akihutubiwa atasikiliza kwa adabu, kisha atarudi nyumbani kwenye sufuria ile ile tupu.

Hata hivyo, hatuna budi kuwa waangalifu na mwisho wa picha. Phiona ashinda, mama apata nyumba, na mtazamaji aondoka na furaha moyoni. Furaha hiyo yaweza kutulaza usingizi. Je, mtoto wa jirani asiye na kipaji cha sataranji, wala cha mpira, wala cha kuimba, naye aokolewe na nani? Chama cha wakulima na wafanyakazi hakikuundwa kungoja vipaji. TANU ilipotangaza vita juu ya ujinga, maradhi na umaskini, haikusema kwamba vita hiyo ni kwa ajili ya watoto hodari peke yao.

Taifa letu limepiga hatua. Ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2001, na mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hata kidato cha nne. Lakini ada si gharama yote. Ziko sare, yako madaftari, na kiko chakula cha mchana. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula ni mwanafunzi kwa jina tu; ikifika saa sita macho yako ubaoni na akili iko jikoni.

Kwa hiyo twasema hivi kwa wanachama wa Manundu na wenzao wote. Balozi wa shina azijua nyumba zake moja moja. Na ajue pia ni mtoto gani hayuko darasani, na kwa sababu gani. Ajenda ya mkutano wa tawi iwe na jambo hilo. Wakati wa mavuno, mwenye debe la mahindi atoe kiasi kwa uji wa shule, na mfanyakazi asiye na shamba atoe sukari au kuni. Wazazi na walimu wakae pamoja, wapange zamu ya kupika, na hesabu ibandikwe ukutani kila mtu aione.

Katwe ilipata malkia mmoja kwa sababu mtu mmoja alikoroga uji na kufundisha. Sisi tu wengi.