Maji ya samaki: Pampu zisipolingana, chumvi hupotea

KUBADILISHA maji ni kazi isiyoepukika kwa yeyote anayefuga samaki wa baharini katika tangi la kioo nyumbani, na ndiyo inayowachosha wengi.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati haina makali ya amonia, lakini hujikusanya siku baada ya siku na kudhuru hasa matumbawe.

Ndiposa wafugaji wengi hutoa asilimia 10 hadi 20 ya maji kila wiki moja au mbili, kwa ndoo na mpira, kisha wakatia mengine yenye chumvi. Kazi hiyo yaweza kuachiwa pampu mbili zinazoendeshwa kwa swichi ya saa: moja huvuta maji machafu kuyapeleka nje, nyingine huingiza maji safi ya chumvi kutoka kwenye pipa.

Kwa mfano, tangi la lita 200 likibadilishwa lita 2 kila siku, lita 60 zitakuwa zimepita katika siku 30. Kwa kuwa sehemu ya maji yanayotolewa ni yale mapya, uchafu uliokuwemo hupungua kwa asilimia 26 hivi, wala si 30. Tofauti hiyo ni ndogo, na samaki hawakabiliwi na mabadiliko ya ghafla.

Hata hivyo, hatari ipo pale pampu hizo zisipolingana.

Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Kwa sababu hiyo, matangi mengi huwa na kifaa cha boya ambacho huongeza maji yasiyo na chumvi kila kimo kinaposhuka. Kifaa hicho hakitambui ni kwa nini maji yamepungua.

Mpira wa kuingiza maji ukiziba huku ule wa kutoa ukiendelea, boya litajaza pengo kwa maji yasiyo na chumvi. Tangi litaonekana limejaa kama kawaida. Lakini chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita, sawa na ya baharini, itashuka hadi gramu 26 katika siku 30. Matumbawe hayastahimili hali hiyo.

Kinyume chake, mpira wa kutoa ukiziba, maji yaweza kufurika sakafuni.

Pampu zinazofaa zaidi ni zile zenye vigurudumu vinavyobana mpira na kusukuma maji kidogo kidogo. Zikizimika, mpira husalia umebanwa, hivyo maji hayaendelei kutiririka umeme unapopotea. Walakini mpira huchakaa, na kiasi kinachopita hubadilika.

Kwa hivyo, ni muhimu kila pampu ipimwe mara kwa mara kwa jagi lenye alama, na chumvi ya tangi ipimwe kila wiki. Aidha, pipa la maji ya chumvi lisiachwe likauke, kwani pampu ikivuta hewa matokeo ni yale yale ya mpira ulioziba. Maji ya mfereji nayo yaondolewe klorini kabla ya kutiwa chumvi.

Mitambo humpunguzia mfugaji kubeba ndoo. Kazi ya kupima ingali yake.