Nungunungu: Mgugunaji Mkubwa wa Afrika Asiyerusha Miiba

Wakulima wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania humjua nungunungu kwa hasara kabla ya kumwona kwa macho. Huja usiku, akachimbua mihogo, viazi vitamu na karanga, na alfajiri huwa amekwisha kurudi shimoni. Kinachosalia shambani ni nyayo, na pengine mwiba mmoja wenye pete nyeusi na nyeupe.

Kwa sababu ya miiba hiyo, wako wanaomdhania kuwa kalunguyeye aliyekua. Sivyo. Kalunguyeye ni mla wadudu, nasaba yake ikiwa karibu na ya kirukanjia. Nungunungu ni mamalia wa oda ya wagugunaji, pamoja na panya na kindi, na ndezi ni jamaa yake wa karibu zaidi kuliko hao. Katika Afrika hakuna mgugunaji anayemzidi kwa ukubwa. Uzito wake huweza kupita kilo 20.

Nchi hizo tatu zina aina mbili za jenasi ya Hystrix. Hystrix cristata, aliyepewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1758, ana kiuno cheusi. Hystrix africaeaustralis, anayeenea hadi Afrika Kusini, ana mstari mweupe mgongoni karibu na mkia. Nungunungu wa Amerika ni wa familia nyingine kabisa. Wengi wao hupanda miti, na miiba yao ilitokea peke yake, bila kurithiwa kutoka kwa hawa wetu.

Mwiba wenyewe ni unywele uliokuwa mnene na mgumu. Harushi miiba kama mishale, ijapokuwa imani hiyo ni ya kale mno. Akitishwa huisimamisha, hutikisa ile ya mkiani iliyo wazi ndani hata ikalia, kisha hurudi kinyumenyume kwa kasi. Miiba hung'oka kwa urahisi na kubaki mwilini mwa adui. Simba kadhaa wamedhoofika kwa majeraha hayo, na mbwa wa wawindaji huyapata mara nyingi.

Mdomoni mwa pango lake huonekana mifupa iliyorundikana, nayo imewafanya watu wamshuku kuwa mla nyama. Chakula chake hasa ni mizizi, magome na matunda. Mifupa huiguguna ili apate madini, na ili kuyapunguza meno yake ya mbele yasiyokoma kukua.