Fahamu: Simu au kamera ndogo ya bei nafuu?
Ukipanda ngazi za chuma za jiwe la Nzambani, Kitui, simu inakutosha. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina kihisi-mwanga cha takriban milimita 6 kwa 4.5, na simu nyingi za sasa zinalingana nazo au kuzipita. Tena programu ya simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja, ndiyo maana hata uso ulio kivulini chini ya mwembe wa Makueni huonekana vizuri.

Kamera hushinda kwa lenzi inayovuta: hondohondo aliye mbali juu ya mgunga huonekana wazi hadi manyoya yake, ilhali simu ya lenzi moja huikata picha na kuikuza, ikavurugika. Ila vumbi la Ukambani huharibu lenzi hizo zinazotoka na kurudi. Kama hupigi picha za ndege na wanyama, pesa zako weka kwenye simu.