Darubini Isikae Stoo: Namna ya Kuiunganisha na Kompyuta



Katika toleo hili tunajibu swali ambalo kamati za sharika zimetuuliza zaidi ya mara moja: darubini ya msaada yenye stendi ya mota inaunganishwaje na kompyuta ya mkononi, na kwa nini nyingine huishia stoo? Hatuzungumzii unajimu wa kutabiri. Tunazungumzia elimu ya anga, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mada katika Fizikia ya kidato cha nne, na ambayo wanafunzi wengi vijijini wameisoma bila kuona kitu.

Kwa nini mota?

Dunia inapozunguka, nyota huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Ndani ya darubini mwendo huo huonekana mkubwa, na nyota huweza kutoka kwenye kioo kabla mwanafunzi wa pili hajachungulia. Stendi ya kisasa ina mota mbili, moja ya kugeuza kushoto na kulia, nyingine ya kuinua na kushusha. Mota hizo huongozwa na rimoti ya waya. Kompyuta ikiunganishwa, darasa zima linaona ramani ya anga kwenye skrini wakati mwenzao mmoja anachungulia.

Hatua za kuunganisha

Kwanza ni umeme. Stendi nyingi hutumia volti 12, hivyo betri ya sola au ya gari inatosha. Hakikisheni chanya na hasi havijageuzwa, maana kosa hilo huweza kuunguza mitambo.

Pili ni waya. Rimoti za zamani zina tundu linalofanana na la simu ya mezani, wakati kompyuta za sasa zina USB tu. Hapo inahitajika adapta, pamoja na programu yake ya kuiendesha, ambayo ipakuliwe mapema mahali penye intaneti. Rimoti mpya nyingi hupokea waya wa USB moja kwa moja. Angalizo: matundu hufanana. Waya wa kompyuta huingia kwenye rimoti, si kwenye tundu la mota.

Tatu ni programu. Sisi tunatumia Stellarium, ambayo ni ya bure na ikishawekwa haihitaji intaneti. Kwenye kompyuta ya Windows, angalieni namba ya COM iliyopewa adapta, kisha iandikeni katika sehemu ya Stellarium inayohusu darubini.

Nne, ingizeni mahali, tarehe na saa kwenye rimoti, kisha ionyesheni stendi nyota mbili angavu ili ijue imesimamaje. Baada ya hapo chagueni nyota kwenye skrini, bonyezeni Ctrl na 1, na darubini itaelekea huko yenyewe.

Tulichojifunza Binza

Usiku mmoja mwanzoni mwa Agosti, msimu wa pamba, tulikuwa Binza mkoani Simiyu na wanafunzi na wazee wa usharika. Waya ulikuwa sawa na kompyuta iliitambua stendi. Tukaiamuru ielekee Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, iliyokuwa juu sana upande wa kusini. Darubini ikageuka magharibi, ikalala hadi kwenye upeo wa ardhi. Tukarudia, ikalala tena. Wanafunzi wakaanza kucheka, na mzee mmoja akauliza kama msaada huu ulikuja ukiwa mbovu.

Mbovu haukuwa. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na sisi tukaandika 02:30. Kwa mashine, hiyo ni saa nane na nusu usiku wa manane. Tofauti ya saa zetu na saa za mashine ni saa 6, na saa 6 mara nyuzi 15 ni nyuzi 90, yaani robo nzima ya mzunguko wa anga. Tuliandika 20:30, tukaanza upya, na Antares ikaingia kwenye kioo. Kisha tukaonyesha Alfa Centauri, ambayo kwa macho ni nyota moja na kwa darubini ni mbili. Mzee yule alichungulia mara tatu.

Tangu usiku huo tumebandika karatasi kwenye kila sanduku: saa za kimataifa, kanda +3, bila saa za kiangazi, tarehe ikianza na mwezi kama rimoti inavyodai, Bariadi ni karibu nyuzi 2.8 KUSINI na nyuzi 34 MASHARIKI.

Kwa wafadhili

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba jambo moja: kabla ya kutuma, ulizeni aina ya stendi. Stendi zinazolazwa kwa kufuata ncha ya anga hutengenezwa zaidi kwa nchi zilizo mbali na Ikweta. Kwetu ncha ya kusini iko chini ya nyuzi 3 juu ya upeo, na stendi nyingi za aina hiyo haziwezi kulazwa kiasi hicho. Inayotufaa ni ile inayogeuka kando na kupanda juu. Aidha, tumeni waya, adapta na kitabu cha maelekezo katika sanduku hilo hilo. Waya mmoja ukikosekana, sanduku zima hukaa stoo.

Kwa kamati za sharika

Chagueni watu wawili wa kufundishwa, siyo mmoja, kwani mwalimu akihamishwa ujuzi huondoka naye. Fanyeni jaribio mchana kwa kuelekeza darubini kwenye mti wa mbali, na kamwe isielekezwe kwenye Jua bila kichujio maalumu mbele yake, maana hupofusha. Mkikwama, anzeni kwa kukagua saa kabla ya kulaumu kifaa.

Zaburi ya 19 inatuelekeza kuzitazama mbingu. Tuwape watoto wetu nafasi ya kuzitazama kwa karibu.